Sanduku Lililonukia Mshumaa

Tulimwacha Mwalimu kainama, kichwa chote kimezama ndani ya sanduku la kura, mwili umekufa ganzi. Wengi mmekaa wiki nzima mkijiuliza kaona nini humo ndani.

Hakuona kitu, wapenzi wangu. Alinusa.

Sanduku lilikuwa tupu, mbao zake zimepigwa randa mpaka zinang'aa. Lakini kutoka kule chini, kwenye pembe ambako mbao hukutana, ilipanda harufu ya mshumaa. Wala si mshumaa uliowashwa, maana ule hunuka moshi. Huu ulikuwa mshumaa mkavu, uliosuguliwa juu ya ubao na mtu asiye na haraka.

Harufu hiyo Mwalimu aliijua kabla hajajua kusoma.

"Mwalimu, unasimamia kituo au unasali?" aliuliza Bwana Miwani, wakala wa upande wa Ndiyo. Huyu ni muuza vyombo, mtu wa kucheka kabla utani wake mwenyewe haujaisha.

"Mwache akague," alidakia Mama Pazia, wakala wa upande wa Hapana, fundi wa kushona mapazia. "Wewe haraka ya nini? Mbona Rais wako hana haraka ya kwenda nyumbani, ndiyo maana tukaamshwa na jogoo?"

Hata Afande, askari wa kituo, alicheka kidogo akajifanya anakohoa.

Kwa yule aliyeanza kusoma leo, mambo ni hivi. Katiba ilisema Rais atatawala mihula miwili, kisha arudi kwake akafuge kuku. Huyu mihula yake imekwisha, kuku hawataki. Basi siku hiyo wananchi waliulizwa swali moja tu: kikomo kiondolewe, Ndiyo au Hapana?

Mwalimu alikuwa msimamizi wa kituo, ndani ya darasa lile lile analofundishia siku zote. Silabi za ba, be, bi zilikuwa bado ukutani, na vigingi vya kuning'inizia mikoba vimejipanga chini yake.

Na masanduku ya safari hii yalikuwa ya mbao. Serikali ilitangaza kwamba yale ya plastiki yanatoka nje, ni aibu, na sasa mafundi wetu wenyewe watapewa kazi. Kila sanduku likawekewa kioo mbele, sehemu ya juu, ili mtu aone kura yake ikidondoka. Watu wakapiga makofi. Nani angekataa kioo?

Sheria nayo ilikuwa wazi. Kabla ya mpiga kura wa kwanza, msimamizi analipindua sanduku mbele ya mawakala, wanaona ni tupu, anafunga lakiri. Ikishafungwa, hakuna kufungua mpaka ukumbi wa wilaya, ambako kura zote zinahesabiwa pamoja.

Sasa mshumaa umefuata nini humo?

Baba yake Mwalimu ni seremala. Mji mzima humwita Fundi, utadhani mafundi wengine wote wanabahatisha. Zamani, Mwalimu akiwa mdogo, kazi yake karakanani ilikuwa moja: kushika kipande cha mshumaa na kusugua kingo za droo, ziteleze zisilie.

"Paka vizuri, mama," Fundi alikuwa akimwambia. "Mtu akitafuta soksi zake alfajiri asiamshe ukoo mzima."

Lakini Fundi alikuwa bahili wa mshumaa. Alipaka kinachoteleza tu. Meza hapaki, kabati hapaki, na kitanda ndiyo kabisa, alisema kitanda kikiteleza itakuwa kesi.

Ndani ya sanduku la kura kinateleza nini?

Mwalimu alichukua rula ndefu ya ubaoni. Akaitumbukiza sandukuni mpaka ikagota chini, akaweka kidole gumba pale ukingo ulipofikia. Akaitoa, akaisimamisha nje, ubavuni mwa sanduku.

Upana wa kiganja kizima ulikuwa umepotea.

Akagonga chini kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Ukajibu mlio wa ubao mwembamba, si wa kitako cha sanduku.

"Nipeni nafasi kidogo," alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. Alivua sweta yake akalifunika sanduku. "Afande, simama hapa. Asiliguse mtu."

"Hata mimi?" aliuliza Bwana Miwani.

"Wewe hasa," alisema Mama Pazia.

Nje, foleni ilikuwa imezunguka uwanja wa shule mpaka getini. Na wa kwanza kabisa, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe, alikaa Fundi. Kila uchaguzi yeye ndiye wa kwanza. Siku nyingine huwatania walio nyuma yake mpaka wanaomba mlango ufunguliwe wapumzike. Leo alikuwa kimya. Alikuwa akichungulia dirishani, akilitazama sanduku lililofunikwa sweta, na midomo yake imekuwa ya rangi ya jivu.

"Baba, njoo."

Walikwenda nyuma ya darasa, penye bomba ambapo watoto hunywea maji. Bomba lile halifungi vizuri, linadondoka siku zote. Mwalimu hakuuliza kama kuna droo. Alimjua baba yake, angekana.

"Baba, ile droo inafungukia upande gani?"

Fundi alilitazama bomba.

"Droo gani?"

"Baba."

Tone likaanguka. Jingine likafuata.

"Nyuma," alisema Fundi. "Kuna bamba la chuma. Ukilibonyeza linaachia, unavuta ubao."

"Na chini ya ubao?"

"Mimi nilifanya mbao, mama. Walichotia ndani walitia wao."

"Mimi si polisi, Baba. Ni mwanao."

"Kura," alisema mzee, sauti imeshuka. "Zimeshapigwa. Ndiyo tupu. Gari likiwa njiani kwenda ukumbini, wanavuta ubao, za chini zinachanganyika na za juu. Na majina ya wasiofika kituoni wanayatilia alama, hesabu isipinde. Ndivyo nilivyowasikia wakisemezana."

Mwalimu aliegemea ukuta. Huyu ndiye baba aliyemfundisha kwamba rafu ikipinda kidogo unaibomoa yote unaanza upya, hata kama mteja hajaona.

"Kwa nini?"

Fundi aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akafungua kiganja. Palikuwa na kifungo cha shati. Cha kahawia, na uzi wa buluu bado umekishika.

Kifungo kile alikishona yeye mwenyewe. Asubuhi ile mdogo wake alipokuwa akitoka kwenda kwenye maandamano, shati lake la buluu lilikosa kifungo, na ndani ya kopo hakikuwamo kingine ila hicho cha kahawia. "Nitaonekana kichekesho," alilalamika kijana. Dada yake akamwambia atulie, hakuna atakayemtazama tumbo.

Kijana huyo ndiye kitinda mimba wa Fundi. Walimpa jina la Patasi, kwa ulimi wake mkali. Alikamatwa siku hiyo hiyo na bango lililoandikwa Miwili Yatosha, na tangu mvua za mwanzo yuko ndani, bila shitaka wala hakimu.

"Kilikuja na mtu wa suti," alisema Fundi. "Kijana mpole, akanisifia na meza yangu. Akasema, 'Mzee, utatufanyia kazi hii, au tutakuletea kifungo kingine. Na kingine. Siku moja tutakuletea shati lenyewe.'" Akakifunga kiganja. "Leo lakiri zikifungwa, wanamwachia. Ndiyo ahadi."

"Ukaamini?"

"Ningefanyaje? Nisiamini?"

Mwalimu alijaribu kulikaza bomba. Likadondoka.

"Na waliniapia masanduku haya yanakwenda mbali," mzee aliendelea. "Mbali, mama. Kwa watu nisiowajua. Nimekuja hapa asubuhi nakaa kwenye kigoda changu, nachungulia, naona kazi ya mikono yangu juu ya meza yako."

"Huko mbali nako kuna wasimamizi, Baba. Ni mabinti wa watu."

"Najua."

"Na Patasi aliingia ndani kwa ajili ya kura hii."

"Najua! Usidhani sijui. Kila siku nilipokuwa nikipiga randa nilikuwa najua." Machozi yalimtoka mzee bila kelele, yakapita kwenye vumbi la mbao ambalo halikosi katika mikunjo ya uso wake. "Ukishapata mtoto utakuja kunihukumu."

Mwalimu alimwacha alie. Kisha akauliza lile lililokuwa likimkereketa tangu mwanzo.

"Kwa nini ulipaka mshumaa?"

Fundi alishtuka. "Nani? Mimi?"

"Umepaka, Baba. Nimenusa."

Mzee alivinusa vidole vyake, kimoja kimoja, kama anavitafutia mwenyewe. Chini ya kucha palikuwa na weupe. "Haki ya Mungu sikumbuki. Walitaka ubao ukaze, usitikisike. Hawakuniambia nipake kitu." Alivitazama tena. "Mikono imepaka yenyewe. Mikono hii ina adabu kunishinda mimi."

Hapo hapo simu ya Mwalimu ikalia.

"Dada! Ni mimi. Tazama getini."

Mwalimu alichungulia kwenye kona ya darasa. Gari lenye vioo vyeusi lilikuwa limesimama nje ya geti. Kioo cha nyuma kikashuka, na pale palikuwa na uso aliokuwa akiuota. Umekonda, kichwa kimenyolewa mabaka mabaka. Patasi aliinua mkono kumpungia, na mkono wa pili ukainuka nao, kwa sababu ilikuwa imefungwa pamoja.

"Usinicheke kichwa," alisema kwenye simu. "Kinyozi wa kule ananyoa kama anaparua samaki."

"Mdogo wangu."

"Wamenitoa, hawaniambii kwa nini. Kuna mtu ananishikia simu hapa kama mimi ndiye waziri." Akacheka, kikohozi kikamkatisha. "Dada, foleni naiona! Imefika mpaka huku nje. Nilidhani watu wataogopa." Akanyoosha shingo dirishani. "Sitapiga kura mimi, lakini watu wamekuja. Baba yupo?"

"Yupo."

"Wa kwanza, si ndiyo? Na kigoda chake?"

"Wa kwanza," alisema Mwalimu, na akamtazama mzee aliyekuwa ameufunika uso kwa viganja.

Simu ilinyang'anywa. Sauti nyingine ikaingia, laini, ya mtu aliyekunywa chai akashiba.

"Mwalimu, habari za kazi. Sikusumbui. Wewe funga lakiri tu, kama sheria inavyosema, na ndugu yako atashuka hapa hapa aje ale nyumbani. Ila usikate simu. Itie mfukoni. Nataka niisikie lakiri ikibana."

Alirudi darasani. Simu ilikuwa mfukoni mwa sketi, ya moto kama kaa.

"Afadhali!" alisema Bwana Miwani. "Nilidhani umekwenda kujiandikisha upande wetu."

Mwalimu aliondoa sweta. Akalishika sanduku kwa mikono miwili, akalipindua juu chini, akalitikisa. Hata vumbi halikuanguka. Kazi ya Fundi haidondoshi vumbi.

"Tupu," alisema Bwana Miwani.

"Tupu," alikubali Mama Pazia. "Nimeona kwa macho yangu."

Mwalimu alichukua lakiri, ule utepe mwekundu wa plastiki. Akaupitisha kwenye tundu la kwanza. Akaupitisha la pili. Kilichobaki ni kuvuta mara moja.

Akivuta, Patasi atakula nyumbani leo. Atalalamika kwamba chumvi imezidi, kisha ataomba nyongeza.

Alitazama dirishani. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, akimpiga piga makalio asilie. Kulikuwa na babu aliyevaa koti lake zuri, jua lote lile. Waliokuja kuulizwa, nao wakaamini wanaulizwa.

Kwenye ukuta, kigingi cha mwisho kilikuwa kimelegea. Patasi ndiye aliyekilegeza, alipokuwa mtoto wa darasa hilo, kwa kuning'inia badala ya kuning'iniza mkoba.

Vidole vya Mwalimu vikagoma. Havikuvuta. Lakini wala havikuachia. Alisimama hivyo, ameshika utepe, machozi yanamdondokea juu ya kifuniko.

"Mwalimu, unaumwa?" aliuliza Mama Pazia.

"Iache, mama," ilisema sauti ya mlangoni.

Fundi alikuwa ameingia. Kigoda chake amekishika kwapani.

"Mzee, rudi kwenye foleni, hujaitwa," alisema Afande.

"Foleni yangu imefika, mwanangu." Alikiweka kigoda chini polepole, akajongea mezani, akautoa utepe vidoleni mwa binti yake kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Kisha akapaza sauti, mpaka dirishani wakamsikia.

"Sanduku hili nimelitengeneza mimi. Binti yangu hakujua. Asilaumiwe kwa lolote. Nitazameni."

Akaligeuza, akabonyeza bamba la chuma kwa kidole gumba, akavuta.

Ubao uliteleza kimya. Haukulia hata kidogo. Mshumaa ulikuwa umefanya kazi yake.

Na kura zikamwagika mezani, zikafurika, zikaanguka sakafuni mpaka miguuni pa Afande. Zimekunjwa vizuri, kingo kwa kingo, kama nguo za mtoto mchanga.

Mama Pazia aliokota moja akaikunjua. Ndiyo. Akaokota nyingine. Ndiyo. Hakupiga kelele, yeye ambaye kila siku anapiga kelele. Alikaa tu kwenye dawati la watoto, magoti yakamgusa kidevu.

Bwana Miwani alivua miwani yake. Bila miwani alionekana mdogo, kama mtu aliyeamshwa. "Mimi niliambiwa tunashinda," alisema. "Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Niliwaambia watu tunashinda kwa haki."

"Sanduku lina matumbo mawili!" mtu alipiga ukelele dirishani. Neno likapita kwenye foleni mdomo kwa mdomo, na wale wa mwisho kabisa, karibu na geti, wakalipokea kwa mguno mmoja mzito.

Nje ya geti, gari likawashwa.

Ndipo mfukoni mwa Mwalimu ikatoka sauti. Wote walikuwa wameisahau simu.

"Baba! Nimekusikia, Baba!" Patasi alikuwa akipiga kelele kutoka mbali, kama aliyefunikwa na kitu mdomoni akakitoa. "Dada! Mwambie Baba, mwambie..."

Kikasikika kishindo. Simu ikakatika.

Mwalimu alikimbilia mlangoni. Aliona vumbi tu, na watu wa foleni wakikimbia nyuma ya gari mikono mitupu, na yule babu wa koti zuri akiwa mbele ya vijana wote. Hawakulifikia.

Aliporudi, Fundi alikuwa palepale, ubao bado mkononi. Afande alikuwa amesimama karibu yake na pingu, ila hakuzifungua. Alikuwa akizigeuza geuza kama mtu asiyejua zinatumikaje.

"Kasema nini?" aliuliza Fundi. "Masikio yangu haya. Mdogo wako kasema uniambie nini?"

"Kasema..." Mwalimu alianza.

Miaka yote darasani humo, mtoto akikwama katikati ya sentensi, yeye ndiye humsaidia kuimalizia. Hii hakuweza. Angeweza kusema anakusamehe. Angeweza kusema anakupenda. Mzee angeamini lolote, alikuwa amemtegea uso kama mtu anayengojea maji.

"Hakumaliza, Baba."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, akakaa kwenye kigoda chake.

Simu ikalia tena. Namba ile ile.

Mwalimu aliipokea kwa pupa. "Patasi?"

"Hapana," ilisema ile sauti laini. Darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba kila mmoja aliisikia. "Hilo moja mmeliua, hongera. Lakini mengine yapo mengi, na lakiri zake zinafungwa sasa hivi. Mwambie mzee bado tunaweza kuelewana. Asimame mbele ya watu hao hao, aseme upande wa Hapana ndio waliomtuma atengeneze droo, ili waichafue serikali. Ni maneno machache tu. Akiyasema, kijana atashuka. Asiposema, tutamletea lile shati."

Mama Pazia alinyanyuka kutoka kwenye dawati. Bwana Miwani alirudisha miwani machoni. Dirishani watu walisongamana mpaka mwanga ukapungua chumbani. Wote, wa Ndiyo na wa Hapana, walimgeukia mzee mmoja aliyekaa juu ya kigoda, miguu imezama katika kura za uongo.

Fundi alikitoa kile kifungo cha kahawia mfukoni. Akakitazama. Akakiweka mezani, kando ya ubao.

Kisha akanyoosha mkono, kucha zake bado nyeupe kwa mshumaa.

"Mama," alimwambia binti yake, "nipe hiyo simu."